Lete Kwanza Unachotaka Kupiga Picha

Vijana mnaobaki nyuma ya kaunta mmeniomba niandike mambo ya kazini kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sababu nimestaafu wiki tatu zilizopita, na tangu hapo nimeshapanga kabati la vyombo mara mbili, na mke wangu amesema ya tatu asiione. Kuhusu vyeo sitaandika, maana duka lilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye duka, na wengine. Mshahara nao ni siri ya mtu na tumbo lake. Nitaandika kuhusu lenzi, hasa lenzi za makro, zile za kupigia picha vitu vidogo. Hizo ndizo zilizonipa kesi ngumu, na mojawapo niliikosea mara tatu mfululizo pamoja na uzoefu wangu wote.

Nilianza kazi hapo Mkuyuni enzi za filamu. Siku ya kwanza, fundi wa duka, Mzee Doto, alinikabidhi lenzi na kuniambia niifute vumbi. Nikaipulizia pumzi ya mdomo, nikaifuta kwa pindo la shati kama mtu anayefuta embe. Mzee Doto aliichukua, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka pembeni taratibu.

"Umeiua," akasema.

Hakugomba. Alinipa ufagio, na kwa miezi mitatu iliyofuata sikugusa kioo chochote zaidi ya kile cha mlangoni. Nilifagia na kusikiliza. Nilijifunza kwamba adui wa kwanza wa lenzi kwetu huku ni unyevu wa ziwa. Mtu anaifungia lenzi kabatini kwa heshima zote, na baada ya masika anaikuta imeota ukungu ndani, nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Lenzi inataka hewa kavu na inataka kutumiwa. Wateja wengi wanaiweka mbali na matumizi ili isiharibike, na hivyo ndivyo inavyoharibika.

Kamera za dijitali zilipoingia, biashara ilibadilika tabia. Zamani mteja alileta filamu akarudi kuchukua picha. Sasa alikuja na kamera aliyoletewa na shemeji yake kutoka nje, na swali moja: nipe lenzi ya kupiga karibu. Wengine walikuja na lenzi yenyewe, imenunuliwa mbali, wakashangaa haiingii kwenye kamera. Tuliwaeleza kuwa kila kampuni ina shingo yake, pale kamera inaposhikia lenzi, na shingo hazikopeshani. Mmoja alitaka tuilazimishe kidogo. Tulimrudishia vyote viwili, tukamsindikiza hadi nje kabisa, asije akajaribu mwenyewe mbele yetu.

Mzee Doto ndiye aliyeweka sheria ya makro. Alikuwa amemuuzia bwana mmoja lenzi fupi ya kupigia maua, kwa kuwa bwana huyo alisema anapiga maua. Kumbe alikuwa anapiga nyuki walio ndani ya maua. Siku ya nne alirudi dukani jicho moja limefumba kabisa, akaiweka lenzi kaunta. Mzee Doto akaipokea. Jioni hiyo alituita wote, akatutangazia kwamba kuanzia kesho hakuna mtu anayeuziwa lenzi ya makro kabla hajaleta kitu anachotaka kupiga picha. Si kukieleza. Kukileta.

Basi wakaleta. Walikuja na viwavi wa pamba, mende, shanga, stempu za posta na meno ya watoto. Wengi walileta wadudu kwenye viberiti, na ndipo tukapata kipimo chetu cha duka. Vitabu vinaandika milimita, sisi tuliandika viberiti. Lenzi ya milimita arobaini inataka usogee hadi kiberiti kimoja kutoka kwa mdudu, yaani unampumulia usoni na kivuli chako kimemfunika. Ya sitini inakupa viberiti viwili. Ya mia inakupa vitatu, na hapo mdudu mwenye hasira za kawaida anakuvumilia. Kitu kisichoruka wala kuuma, kama stempu, kinatoshelezwa na lenzi fupi. Kitu chenye mabawa au sumu kinataka ndefu. Ukishajua hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Nusu ya pili ni kusoma maandishi kwa mashaka. Lenzi ya makro ya kweli inaiangusha picha ya punje ya mchele kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa uleule wa punje ya mchele. Lenzi nyingi zimeandikwa makro ubavuni na hazifiki hata robo ya hapo. Zinafanana na chupa za asali za kando ya barabara: jina lipo, asali utaitafuta. Mteja akija na hiyo, msimcheke. Muuzieni zile ringi za kuweka kati ya lenzi na kamera, zinasogeza mambo, na mwambieni alichonacho kinaweza kazi. Kweli kinaweza, ila taratibu.

Bwana mmoja wa Buhongwa, mfugaji, alileta kupe. Aliwaleta kwenye kiberiti kisichofunga vizuri. Tulimpatia lenzi sahihi ndani ya dakika kumi. Kupe wenyewe tuliendelea kuwapata kwa siku nne.

Mwingine alitoka upande wa Magu, alitaka kupiga picha heleni za zamani za mama mkwe wake. Tukamwambia alete heleni. Akasema hazivuliwi. Tukamwambia basi amlete mama mkwe. Akatutazama kama watu wasio na kwao. Kwa heshima aliyolelewa nayo hawezi kumsogelea mkwe kwa viberiti vitatu, wala kwa mia tatu. Tulikaa naye saa nzima tukihesabu, na kila lenzi ya makro iliyokuwepo ilimfikisha mahali asipotakiwa kuwepo. Mwishowe tulimuuzia ya mia, tukamfundisha mke wake kwa simu namna ya kuitumia, kwa kuwa mtu kumsogelea mama yake mzazi si kosa. Picha zilitoka nzuri sana. Yule bwana alizileta kutuonyesha kama vile kazipiga yeye, nasi tukampongeza.

Mzee Doto alipochoka akarudi kwao kijijini, sheria ikabaki mikononi mwangu. Niliisimamia kwa ukali kuliko yeye. Mtu akija na maneno matupu nilimrudisha nyumbani. Nilianza kujulikana, na nakiri nilipenda. Nilikuwa natazama mdudu kwa dakika mbili, naweka lenzi juu ya kioo cha kaunta, nasema "hii", na mteja anashangaa. Nilidhani nimeshaona kila kitu kinachoweza kuingia kwenye kiberiti.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Mama Kabula.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, amejifunga kitenge mabegani hadi mikono yote imo ndani. Kamera ilikuwa inaning'inia shingoni. Kwapani alibana chombo cha plastiki, vile vya kuwekea chakula.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba baba. Nimeambiwa hapa hamtoi dawa mpaka mumwone mgonjwa."

"Ni kweli, mama."

"Basi mgonjwa huyu hapa."

Akainama akakiachia chombo kaunta, akakisukuma kwangu kwa kiwiko. Nilikiona hicho kiwiko. Nikadhani ni madaha.

Ndani kulikuwa na jani la mlimao, na juu ya jani kitu cha duara, njano iliyopauka, kidogo kuliko punje ya ulezi. Akaniambia ni yai la kipepeo, yule mweusi mwenye mabaka ya njano anayezunguka milimao. Yeye ni mkunga mstaafu, anakaa Kisesa, kamera amepewa na binti yake Kabula wa Dodoma aliyenunua nyingine. Alitaka kupiga picha wakati mtoto anatoka kwenye yai.

"Anachukua muda gani kutoka?" nikamuuliza.

"Wa binadamu ningekuambia. Wa huyu bado najifunza."

Nilimpenda hapohapo. Nikamuomba kamera niione shingo yake, akasema, "Ivue mwenyewe baba, hapo shingoni." Nikaivua. Nikalitazama yai kwa dakika zangu mbili. Yai haliruki, haliumi, halina haraka. Nikaweka juu ya kioo lenzi ya sitini, nyepesi, ya makro ya kweli, nikasema "hii". Akaondoka nayo. Niliridhika na nafsi yangu mpaka Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi hiyo alirudi. Kwenye kadi ya kamera kulikuwa na picha zaidi ya mia, zote ukungu wa kijani. Nikamweleza kwamba kwenye makro sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba kama karatasi, ukipumua tu imehama. Nikambadilishia, nikampa ya mia yenye mtambo ndani wa kupunguza mtikisiko. Sikumwambia kwamba mtambo huo unasaidia sana ukipiga mtu aliye mbali, na karibu na kitu hausaidii kitu. Nilikuwa nalijua hilo miaka mingi. Nilitumaini tu litakuwa tofauti kwake, na kutumaini si kazi ya muuza lenzi.

Akarudi mara ya tatu. Ukungu wa kijani. Safari hii nikailaumu lenzi. Niliifunga kwenye stendi ya miguu mitatu ya hapo dukani, nikalenga herufi kwenye boksi la betri, nikafyatua. Picha ilitoka kali, hata nyuzi za karatasi zilionekana. Nikamgeuzia kioo cha kamera kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Lenzi nzima, mama!"

"Nashukuru," akasema. "Basi kibovu ni mimi."

Akatoa mikono ndani ya kitenge, akaiweka juu ya kaunta. Kaunta yetu ni ya kioo, mnaijua. Kioo kikaanza kulia, kidogokidogo, na vifuniko vya lenzi vilivyopangwa chini yake vikaanza kugongana. Hakuwa anafanya kitu. Alikuwa ameweka mikono tu.

"Ndiyo iliyonitoa kazini," akasema. "Hakuna aliyenifukuza, nilijiondoa. Siku moja mchana nimempokea mtoto, nikaona anatetemeka. Nikamwambia mwenzangu, lete nguo nyingine, huyu anasikia baridi. Mwenzangu akamchukua. Mikononi mwake mtoto katulia kimya." Akavuta pumzi. "Nikavua aproni nikaandika barua. Sikumuaga hata mtu."

Nikasema pole.

"Daktari anasema hali hii inaongezeka, hairudi nyuma. Mwaka huu bado nakunja vidole, nabonyeza. Mwakani sijui. Nimepokea watoto maisha yangu yote, halafu wa mwisho nikampokea vile. Nataka nimpokee mmoja tu, baba, atoke aonekane sawasawa. Awe wa kipepeo, sawa. Nikishampata huyo, nitakaa."

Hapa ndipo nataka mnisikilize, vijana. Yule mama alisimama mbele yangu mara tatu. Aliniletea yai, nikalitazama kwa dakika mbili kila mara. Nilijua rangi yake, ukubwa wake, lilivyoshika kwenye jani. Yeye mwenyewe sikumtazama hata dakika moja. Kwenye duka letu mteja alikuwa kitu kinachobeba mdudu. Tungeweza kumuuzia lenzi mtu asiye na mikono kabisa, mradi kiberiti chake kiwe na kitu. Niliona aibu, na sikuificha. Nikamwambia mama nimemkosea, na Jumapili baada ya ibada nitakuja Kisesa kuona anapokaa na kupigia picha.

"Utakuja kumwona nani? Mlimao?"

"Wewe, mama."

Akacheka. "Wabeja," akasema, ndiyo asante ya kwetu Usukumani, akafunga kitenge chake.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya barabara kuu, na mlimao uliegemea dirisha la jikoni. Alikuwa anapigia picha mtini, amesimama, kamera mikononi, upepo unatingisha jani, yeye anatingisha kamera. Mtu mwenye mikono ya chuma angeshindwa. Kwa hiyo jambo la kwanza tuliloamua ni kuliingiza jani ndani, kikonyo chake kwenye kichupa cha dawa chenye maji, juu ya meza karibu na dirisha.

Jambo la pili lilikuwa kamera isishikwe na mtu yeyote. Seremala wa jirani alitupatia reli ya droo, ile ya chuma inayoteleza, tukaipigilia kwenye ubao na kamera tukaifunga juu yake kwa skrubu, ikawa inasogea mbele na nyuma kwa unywele. Kwenye makro usihangaike na pete ya fokasi, ile inayozungushwa kwenye lenzi ili picha ionekane vizuri. Weka lenzi kwenye ukubwa unaoutaka, kisha sogeza kamera yenyewe mpaka kitu kionekane. Lenzi nikaamua ya mia ibaki, kwa sababu viberiti vitatu vinaacha mwanga wa dirisha upite, wakati ile ya sitini ingeliweka yai kivulini. Ule mtambo wa kupunguza mtikisiko nikauzima. Kamera ikiwa imetulia, mtambo unatafuta mtikisiko usiokuwepo, na ukiukosa unautengeneza wenyewe. Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo.

Ikabaki kubonyeza. Nilikuwa nimekuja na rimoti ya waya, lakini kitufe chake ni kidogo kama punje ya dengu. Mama Kabula alikikosa, akakikosa tena, kisha akakipiga mara tano kwa mpigo. Aliiweka rimoti mezani akarudisha mikono ndani ya kitenge, na niliumia kuliona hilo kuliko nilivyotarajia.

Nikaifungua rimoti. Ndani hakuna maajabu, ni nyaya zinazogusana. Kwenye duka la vifaa vya umeme la pale Kisesa nikachukua kitufe cha kengele ya mlangoni, kile cheupe, kinene, kinachobonyezwa hata na mtu aliyebeba mzigo. Nikaunganisha, nikakipigilia mezani mbele yake. Akakiwekea kiganja kizima. Kamera ikafyatua, na picha ikatoka ukungu wa kijani.

Tukatazamana. Meza ilikuwa moja. Mkono wake ulitingisha meza, na meza ikatingisha kila kitu. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi hii. Nikang'oa kitufe, nikakipigilia kwenye kigoda, kigoda nikakiweka pembeni ya kiti chake, mbali na meza. Tukajaribu kwa punje ya ulezi iliyobandikwa kwenye jani. Mkono ulitetemeka juu ya kigoda utakavyo, na ulezi ukatoka mkali kila mkunjo. Mama Kabula aliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko ulezi unavyostahili.

Kundi la kwanza la mayai lilianguliwa akiwa kanisani. Alirudi akakuta maganda. Alilichukulia kama uzembe kazini, hata Jumapili iliyofuata akaniuliza kama kuna dhambi kukosa ibada kwa ajili ya yai. Nikamwambia hilo aliulize kwa mchungaji, mimi ni mtu wa lenzi. Kisha mvua zikanyesha mfululizo, vipepeo wakapotea, na mlimao ukakaa mtupu. Alinipigia simu kila siku chache kunijulisha kwamba hakuna. Sauti yake ilianza kubadilika. Mara moja alisema, bila kulalamika, kwamba siku hizi kikombe anashika kwa mikono miwili. Nilihesabu wiki zake pamoja na zangu, kwa kuwa na mimi nilikuwa naondoka mwisho wa mwezi ule.

Wiki yangu ya mwisho akapiga. Limeonekana jani moja, lina yai moja. Siku ya nne akapiga tena, asubuhi, nikiwa nafungua duka.

"Limekuwa jeusi upande wa juu. Njoo."

Nikamwomba ruhusa mwenye duka. Akauliza naenda wapi, nikamwambia kuna mtu anajifungua Kisesa. Akazitazama mvi zangu, akanipa hongera kwa sauti ya mtu ambaye hana hakika.

Nilimkuta Mama Kabula amekaa kwenye kiti chake, kilemba kichwani, mgongo umenyooka. Sikuwahi kumwona vile. Hakunisubiri hata nimalize shikamoo.

"Nawa mikono."

"Mama, mimi sigusi kitu."

"Nawa mikono, baba."

Nikanawa hadi viwiko. Akaniambia nikae karibu na reli, nitazame kioo cha kamera, nisogeze akisema, nisiongee asiposema. Nikatii. Yai lilijaa kwenye kioo, na kupitia ganda kilionekana kichwa cheusi kikienda huku na huku. Dakika zilikwenda. Mwanga wa dirisha ulikuwa mzuri. Kwa mara ya kwanza maishani nilielewa wale wanaume wanaotembeatembea nje ya wodi.

Ganda likapasuka pembeni, ufa mdogo sana.

"Mbele kidogo," akasema. Nikasogeza. "Hapo. Acha."

Nikamsikia anabonyeza. Kamera haikufyatua. Nikageuka. Ile hali ilikuwa imempanda kwa hamu, mkono unaruka juu ya kigoda, unatua kila mahali isipokuwa kwenye kitufe. Kwenye kioo kichwa kilikuwa kimeshatoka. Kiwavi anaondoka mara moja, harudi kukaa vizuri, na mlimaoni hakukuwa na yai lingine. Nikanyoosha mkono kwenye kigoda nimbonyezee.

"Rudisha mkono wako," akasema.

Nikaurudisha. Akainua mkono wa kushoto akauweka juu ya wa kulia, akainama na kuulalia wote kwa uzito wa mwili, na kiganja kikateremka polepole hadi kikafika. Kamera ikafyatua. Akabaki ameinama hivyohivyo, akaachia kidogo, akabonyeza. Ikafyatua tena. Na tena. Alipiga mpaka kiwavi akatoka mwili wote, akageuka, akaanza kula ganda lake mwenyewe.

"Basi," akasema. "Nionyeshe."

Nikamsogezea kamera, nikaikuza picha ya tatu. Kichwa kinang'aa, nusu ya mwili ndani, nusu nje, kila kinywele kimesimama peke yake, mdomo wa ganda mkali kama umekatwa kwa wembe. Nimeuza lenzi za makro kwa wataalamu, na sikumbuki kuletewa picha safi kuliko ile. Macho yalinijaa machozi, na sitasingizia vumbi. Yeye hakulia. Alitazama kichwa, akatazama mwili, akahesabu miguu kwa sauti ya chini, kama anavyokagua aliyezoea kukagua.

"Mzima," akasema. Kisha akaelekeza kidevu kwenye rafu. "Lete lile daftari."

Lilikuwa daftari jipya, ukurasa wa kwanza umepigwa mistari kwa rula. Alikuwa amemwomba jirani amchoree safu kama zile za kitabu cha wodini.

"Andika saa."

Nikaandika: saa nne na dakika ishirini, asubuhi.

"Jinsia?" nikamuuliza.

"Haijulikani. Uzito, acha nafasi. Hali ya mtoto, andika nzuri."

Nikaandika nzuri. Safu ya mwisho ilikuwa ya sahihi ya mkunga. Nikaanza kumuuliza kama nimwandikie jina, akanyoosha mkono akachukua kalamu. Iliruka ilipogusa karatasi, ikachora mstari usiotakiwa hadi pembeni. Akairudisha mwanzo. Daftari nalo likaanza kutembea mezani. Nikalishika kwa mikono miwili lisisogee, akaandika jina lake lote.